Alizeti Inayopandwa Kwenye Theluji

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliofuata chai ya tangawizi mkajikuta mmenaswa na hotuba: hamjambo! Asanteni kwa kutoka majumbani siku kama hii. Asubuhi kipimajoto cha dirishani kwangu kilisoma nyuzi 18 chini ya sifuri, nikajiuliza ni nani atakayekuja kusikiliza habari za maua. Naona viti havitoshi. Nadhani ni chai.

Walioniita walitaka niseme habari za mchicha na matembele kama kila mwaka. Nikawaambia mwaka huu hapana, nataka kusema alizeti. Mama mmoja, yuko hapo mbele na sitamtaja, akacheka: "Mnyaturu wewe, umeacha alizeti Singida ukaja kutufundisha alizeti huku Iowa, Marekani?" Ndiyo, mama. Ila hii siyo ile.

Ile ya Singida tunaijua. Unapanda mvua za Desemba au Januari zikishatulia, ikikomaa unakata vichwa, unavianika, unavipiga kwa fimbo, unapeta, unapeleka mashineni. Unarudi na dumu la mafuta, na mashudu kwa ajili ya kuku na ng'ombe. Mmea wenyewe umekwisha kufa zamani. Wataalamu huuita Helianthus annuus, na hilo neno la pili maana yake ni wa mwaka mmoja. Ninayotaka kuwaeleza leo ni ndugu zake ambao hawafi. Baridi ikiingia, shina hukauka likawa kijiti. Mizizi hubaki hai chini ya theluji, na mwezi wa Mei machipukizi hutoka palepale. Mwakani tena palepale, na mwaka unaofuata. Kwao ni hapa hapa mlipokaa, chini ya mashamba haya ya mahindi na soya mnayoyaona mkiwa njiani kwenda kazini.

Maana Iowa haikuwa mahindi. Ilikuwa mbuga ya nyasi ndefu, wenyewe husema prairi, karibu jimbo zima. Nyasi zilikuwa zikimzidi mtu kimo, na katikati yake maua ya kila rangi. Walowezi wa kwanza walihangaika, kwa sababu mizizi ilikuwa imesokotana kama jamvi na udongo ule mzito uling'ang'ania majembe yao ya chuma cha kusubu. Halafu mwaka 1837, huko Illinois, mhunzi mmoja kwa jina John Deere akatengeneza jembe la kukokotwa lenye uso wa chuma cha pua, laini, ambalo udongo ulikuwa unateleza juu yake. Hilo jina mnalijua, liko ubavuni mwa kila trekta la kijani. Haukupita muda wa maisha ya mtu mmoja, mbuga ikawa imelimwa. Leo imebaki chini ya sehemu moja kwa elfu ya ilivyokuwa. Ukitaka kuona vipande vilivyosalia, tafuta makaburi ya zamani ya walowezi, kando ya reli, na miinuko ambayo jembe liliishindwa. Makaburini ndiko nilikoiona mimi mara ya kwanza. Nilikwenda kumzika mtu, nikarudi na swali la maua. Mniwie radhi.

Na kabla ya walowezi walikuwepo wenye nchi. Hata ile alizeti yetu ya mafuta, tunayodhani ni mali ya Singida na Dodoma, ilifugwa na wenyeji wa mashariki ya bara hili zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Wahidatsa, waliolima kando ya mto Missouri kule ambako leo ni North Dakota, alizeti ndiyo iliyokuwa mbegu yao ya kwanza kwenda ardhini kila mwaka. Mwezi wa Aprili, barafu ya mto ikishapasuka tu na udongo ukakubali kuchimbwa, wanawake walikuwa shambani. Sisi tulioletwa huku na ndege tunaogopa kugusa udongo kabla ya Mei ishirini. Kuna jingine linalonifurahisha. Mbegu chotara za alizeti zinazouzwa duniani leo, karibu zote, zilianza na alizeti mwitu ya mbuga hizihizi, Helianthus petiolaris. Mfaransa Patrice Leclercq aliichanganya na ile ya shambani akapata mmea ambao sehemu yake ya kiume haitoi chavua, kwa hiyo haujichavushi wenyewe na ni rahisi kuuchanganya na mwingine, akatangaza mwaka 1969. Kwa hiyo mkulima wa Iramba anayenunua mfuko wa chotara ana kipande cha mbuga za Marekani mkononi, wala hakuna aliyemwambia.

Sasa hizi za kudumu. Ni nyingi, lakini nitataja nne ambazo nimezipanda kwa mikono yangu. Ya kwanza ni alizeti ya Maximilian, iliyopewa jina la mwanamfalme wa Kijerumani aliyeupanda mto Missouri miaka ya 1833 na 1834. Utaitambua kwa majani: membamba, marefu, yamejikunja katikati na kuinama kama mundu. Maua yake hayakai kileleni peke yake, hupanga foleni kutoka katikati ya shina mpaka juu, na huchelewa: mwisho wa Agosti mpaka Oktoba, wakati bustani nyingine zimeshachoka. Ya pili ni ile yenye meno ya msumeno pembeni mwa jani, Helianthus grosseserratus, ndefu kuliko mimi nikiwa nimenyoosha mkono. Ya tatu, Helianthus pauciflorus, shina gumu, kitovu cha ua ni cheusi chenye wekundu, haina makuu. Ya nne ni Helianthus occidentalis, fupi, majani yake karibu yote yamekaa chini na shina limebaki tupu, kama mtu aliyevaa suruali bila shati. Hii ndiyo ningempa mwenye uwanja mdogo.

Nije kwenye aibu yangu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha.

Nilinunua mbegu za ile ya msumeno, pakiti moja. Nilipozimimina kiganjani nikashangaa: ni ndogo, zinakaribia ufuta. Lakini nikasema alizeti ni alizeti, mimi nimezaliwa kwenye alizeti. Nikasubiri Mei, udongo ukapata joto. Nikatifua tuta, nikavuta kamba, nikachimba vishimo kina cha kidole, mbegu tatu kila shimo, nikafukia na kumwagilia. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Mwezi mzima, hakuna hata moja. Nikampigia muuzaji simu nikamwambia maneno ambayo sitayarudia mbele ya wazee. Tuta nikaliacha vilevile, nikachomeka maharage.

Aprili ya mwaka uliofuata, nikiwa napalilia palepale ili niandae maharage mengine, nikakuta vijimea, majani mawili mawili, yamenyooka mstarini. Nikalima karibu nusu kwa jembe kabla akili haijarudi. Magugu gani yanajipanga kwenye kamba?

Mbegu hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zinangoja baridi, na mimi nilikuwa nimezinyima. Fikirini: mmea huu hukomaza mbegu zake Septemba na Oktoba, na Oktoba hapa huwa na siku za joto na mvua. Mbegu ikidanganyika ikaota wakati ule, Desemba inauawa. Kwa hiyo imejifunga. Haifunguki mpaka ipitiwe na baridi ya muda mrefu ikiwa imelowa. Nasisitiza kulowa. Mwenzetu mmoja aliniambia aliweka pakiti yake kwenye friji miezi mitatu na hakuna kilichoota. Pakiti ilikuwa imefungwa, kavu. Hapo alikuwa ametunza akiba tu. Mbegu lazima inywe maji kwanza, ndipo baridi ifanye kazi yake ndani.

Muda wenyewe unatofautiana. Maximilian huhitaji kama siku 30, na chache huota hata bila baridi, lakini usizitegemee. Ile ya msumeno mpe siku 60. Kama hujui uliyo nayo ni ipi, mpe 60, haidhuriki kwa kuzidishiwa.

Njia ni tatu, na nitazisema kwa ukweli wangu mwenyewe.

Friji inawezekana. Unachukua mchanga safi, unaulowesha mpaka ukiukamua hautoi tone, unachanganya na mbegu kwenye mfuko wa plastiki, unaandika tarehe, unauweka mahali penye nyuzi moja hadi tano. Siyo kwenye friza. Kila wiki unafungua kutazama kama kuna kuvu. Kwangu njia hii imekufa kwa sababu ya mke wangu, ambaye alikuta mfuko wa mchanga wenye maji karibu na dagaa, akautupa. Simlaumu.

Kumwaga ardhini moja kwa moja pia ni njia, na kwa mwenye eneo kubwa ndiyo yenyewe. Kuanzia Novemba mpaka Februari, mahali palipofyekwa pakabaki udongo mtupu, unachanganya mbegu na mchanga ili uone ulipomwaga, unatupa juu, unakanyaga. Hufukii. Ardhi huganda na kuyeyuka, huganda na kuyeyuka, inapasuka vijiufa na kuzimeza mbegu yenyewe. Hata juu ya theluji nyembamba siku ya jua unaweza. Ubaya wake ni ndege na panya, na kwamba Aprili hutajua kipi ni chako na kipi ni gugu.

Ninayoipenda mimi ni dumu la maziwa. Haya madumu ya galoni ambayo kila nyumba hapa inayatupa. Nimeleta thelathini, yako nyuma pale. Unalitoboa kitako kwa msumari wa moto, matundu sita au saba, ili maji yatoke. Unalikata kiunoni kuzunguka, lakini unaacha sehemu ya chini ya mkono bila kukata, iwe kama bawaba. Unajaza udongo wa kupandia kina cha kiganja, uliokwisha kulowa. Unatawanya mbegu kama thelathini au arobaini juu, unafunika kwa udongo kidogo sana, nusu sentimita, siyo kina cha kidole kama mjinga fulani. Unarudisha kifuniko cha juu, unazungushia selotepu, kizibo cha mdomoni unakitupa. Halafu unalitoa nje. Leo. Nyuzi 18 chini ya sifuri, unaliweka uani na unaingia ndani kunywa chai.

Najua mioyo inauma. Mtu aliyekua Uvira au Kigoma kuchukua mbegu na kuiweka kwenye theluji ni kama kumfungia mtoto nje. Liache. Theluji itaingia mdomoni, itayeyuka, itaganda, sawa. Kazi yako inaanza mwishoni mwa Machi, jua likipanda: ndani ya dumu kunapata joto haraka, udongo unaweza kukauka siku moja. Hapo ndipo umwagilie. Aprili utaona majani mawili laini yameinuka, halafu yanafuata majani yanayokwaruza, hapo hutahitaji mwalimu, ni alizeti yule yule unayemjua, ametoka mdogo. Siku za joto fungua kifuniko, usiku wa baridi kali funga. Yakifika majani ya kweli manne au sita, yahamishe, kila mmea umbali wa hatua moja na mwenzake.

Mwaka wa kwanza usitegemee kitu. Nasema hivi kwa sababu mwaka jana watu wawili waling'oa mimea yao Agosti wakidhani imedumaa. Haikudumaa, ilikuwa inajenga mizizi. Maximilian huweza kukupa ua mwaka ule ule ikiwa na bahati. Nyingine mwaka wa pili, au wa tatu. Na usiipe mbolea! Hili nalo ni la kwetu, mtu akiona mmea mdogo anakimbilia samadi. Alizeti hizi ukizinenepesha na kuzimwagilia kila jioni zitarefuka kupita kiasi, na Septemba zitalala chini zote siku ya upepo. Udongo wa kawaida, jua la kutwa, maji mwaka wa kwanza kukiwa na ukame, basi. Kama unaona bado zitakuwa ndefu mno, mwanzoni mwa Juni zikate nusu kwa mkasi. Zitatoa matawi na kuchanua zikiwa fupi.

Kosa langu la pili lilichukua miaka minne, kwa hiyo lisikilizeni. Niliona Maximilian inayopendeza kwenye duka la miche, nikanunua mche mmoja. Mmoja tu, ni ghali. Ukashika, ukapanuka, mwaka wa tatu ulikuwa kichaka. Nikasema sasa nitavuna mbegu nigawe jumuiya nzima. Oktoba nikakata vichwa, nikavikausha gazetini, nikavisugua, nikachukua ungo ambao mama yangu alinitumia kutoka Singida. Nikapeta. Kila kitu kikaruka. Nikapeta tena polepole. Ungo ukabaki mtupu. Yalikuwa mapepe matupu, mfuko mzima, ganda bila kiini.

Nikaja kuelewa baadaye. Alizeti nyingi za kudumu hazikubali chavua ya mmea wao wenyewe. Na kichaka changu kilichoonekana kama mimea mia kilikuwa mmea mmoja, umetambaa chini kwa chini kwa mashina yake, mfano wa tangawizi. Nyuki wangu walikuwa wanafanya kazi bure, wanamchukua mtu kumwoza kwake mwenyewe. Dawa yake ndiyo mbegu. Miche iliyotoka kwenye mbegu kila mmoja ni mtu wake, na ukiwa na mitano au sita wanatungishana vizuri. Ndiyo maana nang'ang'ania dumu wakati dukani miche ipo. Na usinunue mbegu iliyotoka Texas kwa sababu ni rahisi. Maximilian ya Texas imezoea msimu mrefu, hapa inaweza kupigwa na jalidi kabla haijakomaza. Ulizeni muuzaji mbegu imetoka jimbo gani. Wauzaji wa kweli wanajua. Na makaburini na kwenye hifadhi msichume bila kibali, hata kichwa kimoja.

Huko kutambaa niliyokusema ndiyo onyo langu. Ile ya msumeno, na ile yenye viazi, Helianthus tuberosus, usizipande karibu na mchicha wako. Zinatambaa kama ukoka. Ile yenye viazi wenyeji waliila kabla ya Mzungu kufika, na hata leo inaliwa, ingawa tumbo litakupigia kelele usiku ukila nyingi mara ya kwanza. Lakini kipande kimoja kikibaki ardhini, umeoa. Mimi nimeipa pipa kuukuu lililokatwa kitako.

Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, na hapa walaji ni sungura. Mche wa Mei ni saladi yao. Uzungushieni wavu wa kuku mwaka wa kwanza. Baadaye shina likikakamaa hawalitaki. Wa kuwakaribisha ni wengine. Kuna nyuki wa porini, hawana mzinga, kila jike huchimba shimo lake ardhini, na baadhi yao hulisha watoto chavua ya alizeti na jamaa zake peke yake. Madume yao, wenye vipapasio virefu kama pembe, hulala nje. Toka asubuhi na mapema Agosti, kabla jua halijawaamsha, utawakuta wamejikunyata juu ya maua. Nimewaonyesha watoto wangu na sasa wananiamsha wao. Na vichwa vikikauka usivikate: chiriku wa manjano, yule ambaye ndiye ndege wa jimbo hili la Iowa, hukaa juu yake akining'inia kichwa chini, anadondoa mbegu mpaka Desemba. Mimi huvuna theluthi, nyingine ni yake.

Jirani yangu mmoja mwanzoni alilalamika kwamba nafuga magugu. Nikakata ukingo ukanyooka, nikaweka mawe pembeni, nikapalilia vizuri mbele. Mimea ile ile. Malalamiko yakaisha, na mwaka jana akaomba mche. Wenye nyumba za kupanga, muulizeni mwenye nyumba kwanza, na mjue kanuni za mji wenu kuhusu kimo cha majani.

Mtu ameniandikia kikaratasi anauliza kama mafuta yanakamulika. Mbegu hizi ni ndogo na chache, hutapata hata ya kukaangia yai. Lakini kule Salina, Kansas, kuna taasisi iitwayo The Land Institute, ilianzishwa mwaka 1976, na kazi yake ni kutafuta mazao ya kudumu: nafaka na mbegu za mafuta ambazo hupandi kila mwaka. Wanashughulika na silifiamu, binamu wa alizeti hizi ambaye mzizi wake huenda chini mita kadhaa, ili siku moja akamuliwe. Kazi bado. Baba yangu aliposikia hilo kwa simu alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Kwa hiyo jembe mtalifanyia nini?" Sikuwa na jibu.

Basi, twende kwenye madumu. Mbegu ziko kwenye bakuli mbili, ya kushoto ni Maximilian, ya kulia ni ile fupi. Msichanganye. Andikeni jina na tarehe ya leo kwenye kijiti mtakachochomeka ndani ya udongo, na mwandike kwa penseli. Wino wa kalamu unafutwa na jua, ifikapo Aprili utakuwa na madumu manne yasiyo na majina. Penseli nimezichonga, ziko kwenye kikombe karibu na sukari.